Baada ya Lugalo, nani anamtunza aliyejeruhiwa vitani?

Kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, viongozi wa dini huomba dua, na redio hutangaza moja kwa moja. Siku hiyo tunawakumbuka waliokufa. Makala haya, ndugu msikilizaji, yanawahusu waliorudi nyumbani wakiwa hai lakini si wazima: aliyeacha mguu, anayetembea na kipande cha chuma mgongoni, asiyesikia sikio moja tangu kombora lilipoanguka karibu naye.

Swali la watu hawa huja kwa namna moja karibu kila mara. Baba alipigana Kagera. Alikatwa mguu, akapewa mguu bandia. Mguu ule umechakaa. Sasa aende wapi, na nani atalipa?

Jibu langu ni kwamba tatizo kubwa haliko kwenye upasuaji. Madaktari wa kukata, kushona na kuunga mifupa tunao, na wanajua kazi yao. Tatizo ni miaka 30 au 40 inayofuata baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Vita vya Kagera vilipiganwa kwa miezi michache tu, lakini kigutu cha mguu uliokatwa wakati ule bado kinahitaji huduma mpaka leo.

Ni akina nani hasa

Tukianza na wazee wa Kagera: majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Jeshi letu lililokuwa dogo lilipanuliwa haraka mpaka kuvuka watu 100,000, na makumi ya maelfu kati yao walikuwa mgambo waliotoka vijijini. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na kufikia Juni wapiganaji wetu walikuwa wamefika mpaka wa kaskazini wa Uganda. Kisha wengi wakarudi kulima. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka 65.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Askari wa kudumu alikuwa na namba ya jeshi, kikosi na faili. Mgambo alirudi kijijini na sifa, na mara nyingine bila karatasi ya maana. Ndiyo sababu suala lao limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja, na ndiyo sababu mgambo aliyejeruhiwa huwa na safari ndefu kuliko mwanajeshi aliyejeruhiwa katika mapigano yaleyale.

Kizazi cha pili ni cha walinda amani, na hawa wengi wao ni vijana. Tarehe 13 Julai 2013 msafara wa Umoja wa Mataifa ulishambuliwa Darfur, Sudan. Watanzania 7 waliuawa na watu 17 wakajeruhiwa. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki katika eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, ilivamiwa jioni na vita vikaendelea kwa saa nyingi usiku. Hapo tulipoteza wanajeshi wasiopungua 14, na walinda amani zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofuata ulikiri kwamba hapakuwa na mpango unaofaa wa kuwaongezea nguvu na kuwaokoa waliokuwa kambini, na kwamba vyombo vya anga vilikuwa pungufu. Kwa majeruhi, hilo si jambo la makaratasi tu. Mtu anayevuja damu anahitaji kufika mezani kwa daktari ndani ya muda mfupi, na kila saa inayopotea inaweza kugeuza mguu wa kushonwa kuwa mguu wa kukatwa.

Januari 2025, wakati kundi la M23 lilipokuwa likiukaribia mji wa Goma, wanajeshi wetu wawili walikufa na wengine wakajeruhiwa. Hao walikuwa chini ya jeshi la SADC, hawakuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Tofauti hiyo nitaieleza baadaye, kwa kuwa ina uzito kwenye fidia.

Naongeza kundi ambalo halivai sare kabisa. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, wilayani Temeke. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto, wilayani Ilala. Kila mlipuko uliua watu zaidi ya 20 na kujeruhi mamia. Mama aliyekuwa anapika chapati na mtoto aliyekuwa anatoka shule walipata majeraha yaleyale ya vitani: vipande vya chuma mwilini, mifupa iliyosagika, masikio yaliyopasuka. Hawa si wastaafu wa jeshi, lakini mwili haujui tofauti hiyo.

Mguu bandia unachakaa

Wengi wetu tunadhani mguu bandia ukishatolewa, kazi imekwisha. Sivyo. Mguu bandia wa mtu mzima, kwa matumizi ya kila siku, hudumu takribani miaka mitatu hadi mitano. Anayelima kwenye tope, anayepanda vilima au anayetembea kilomita nyingi kwenda dukani huumaliza mapema zaidi. Mtoto yeye hukua, kwa hiyo anaweza kuhitaji kubadilishiwa kila mwaka au hata kabla.

Tupige hesabu. Askari aliyekatwa mguu mwaka 1979 akiwa na miaka 22, akiishi mpaka 70, anahitaji miguu bandia kama 10 au zaidi. Je, ni wangapi waliopata hata mitatu?

Sehemu muhimu kuliko zote ni soketi, yaani kile kikombe kinachopokea kigutu. Baada ya upasuaji kigutu huwa kimevimba, na miezi inavyokwenda hupungua na kubadilika umbo. Soketi iliyokuwa inabana vizuri inaanza kulegea. Mtu anajaza matambara ndani, ngozi inasuguliwa, kidonda kinatokea, kidonda kinaoza. Mzee mwenye kisukari akifika hapo, anaweza kurudishwa chumba cha upasuaji akakatwe tena, safari hii juu ya goti. Na mguu wa juu ya goti ni habari nyingine kabisa: unahitaji goti bandia, ni mzito zaidi, unamchosha zaidi anayetembea nao, na bei yake ni kubwa kuliko wa chini ya goti.

Kwa hiyo anayevaa mguu bandia aoshe kigutu kila jioni kwa maji na sabuni ya kawaida, akikaushe vizuri, akikague kila upande kwa kioo kidogo au ajukuu amwangalizie. Soksi ya kigutu ifuliwe kila siku. Ngozi ikiwa nyekundu na wekundu usiondoke, mguu uvuliwe mpaka mtaalamu auone. Magongo yasitupwe hata kama mguu bandia ni mpya, kwa sababu ipo siku yatahitajika.

Kisha kuna maumivu ya kiungo ambacho hakipo. Mtu anahisi vidole vinawaka moto ilhali mguu ulizikwa miaka mingi iliyopita. Kijijini wapo wanaosema ni uchawi au kwamba mguu ulizikwa vibaya. Ukweli ni kwamba mishipa ya fahamu iliyokatwa na ubongo bado vinapelekeana taarifa kuhusu kiungo kile. Ni hali inayojulikana hospitalini na ina dawa na mazoezi yake. Mzee akisema mguu usiokuwepo unamuuma, msimcheke.

Aliyepigwa mgongoni

Risasi au kipande cha bomu kikikata uti wa mgongo, mtu hupoteza nguvu za miguu na mara nyingi hupoteza pia uwezo wa kuzuia mkojo na choo. Zamani wanajeshi wa aina hii walihesabiwa kuwa maiti wanaosubiri siku yao. Wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, si kwa risasi yenyewe.

Mabadiliko yalikuja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Februari 1944 daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Sehemu kubwa ya siri yake haikuwa mashine. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Ngozi ikapona, watu wakaanza kukaa, kisha akawapa michezo. Mwaka 1948 wakashindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na kutoka hapo ndipo ilipozaliwa michezo ya Paralimpiki tunayoisikia leo.

Nimelileta hili kwa sababu linawezekana Chamazi, linawezekana Namtumbo. Kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili hakuhitaji umeme. Kunahitaji ndugu wawili wanaopokezana zamu na godoro ambalo halijabonyea. Anayekaa kwenye kiti anapaswa kujiinua kidogo kwa mikono mara kwa mara ili makalio yapate hewa. Mpira wa mkojo ubadilishwe kwa muda aliosema mhudumu wa afya, na mikono ioshwe kabla ya kuugusa. Naomba hapa tuwatazame akina mama na wake wa majeruhi, kwa kuwa ndio wanaofanya kazi hii bila mshahara, bila mapumziko na bila mtu kuwafundisha. Wakifundishwa siku mbili tu kabla mgonjwa hajaruhusiwa, safari nyingi za kurudi hospitali zingeepukika.

Vipande vya chuma vinavyobaki mwilini navyo havina budi kutajwa. Mara nyingi madaktari huviacha, kwa kuwa kuvitafuta kungeleta madhara makubwa kuliko kuviacha. Si uzembe. Lakini mwenye chuma mwilini lazima amwambie daktari kabla ya kuingizwa kwenye kipimo cha MRI, maana ile mashine ni sumaku yenye nguvu sana na inaweza kukivuta au kukipasha moto kipande kilicho ndani. Mzee asiyeulizwa asingoje kuulizwa.

Yasiyoonekana kwa macho

Mlipuko hupasua ngoma za masikio na kuutikisa ubongo hata pale ambapo hakuna tone la damu. Mtu anarudi anasahau, anakasirika upesi, anaruka akisikia tairi limepasuka, halali usiku. Familia inasema amebadilika, au analewa tu. Haya ni majeraha, na yana matibabu. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili kwa viwango tofauti, na Mirembe kule Dodoma ndiyo hospitali ya taifa kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu hapa ndipo tulipolala zaidi. Mwanajeshi aliyekatwa mkono kila mtu anamwona na kumsogezea kiti, wakati mwenzake aliyekaa naye handaki moja anaitwa mlevi wa mtaa.

Huduma iko wapi

Ukitoka Mwenge kuelekea Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo utapita Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, wilayani Kinondoni. Jina lenyewe ni la vita: Lugalo ni pale Iringa ambapo wapiganaji wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Ndiyo hospitali kuu ya wanajeshi, na hutibu raia pia. Wilaya hiyohiyo, upande wa Msasani, ipo CCBRT, yenye karakana ya viungo bandia na huduma ya mazoezi ya viungo. Katikati ya jiji, Muhimbili, ipo MOI, taasisi ya mifupa, ubongo na uti wa mgongo iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996.

Nje ya Dar es Salaam, iliyo maarufu zaidi ni KCMC Moshi. Hapo kipo chuo cha TATCOT, ambacho tangu 1981 kinafundisha wataalamu wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Hili ni jambo la kujivunia na pia la kufikirisha: tunafundisha mafundi wa bara zima, lakini mzee wa Kibondo bado anafunga mguu wake bandia kwa mpira wa baiskeli. Kanda ya Ziwa wapo Bugando, Mwanza.

Mtu wa mikoani akiona orodha hii anaweza kudhani wa Dar es Salaam wamefaidi. Wamefaidi kiasi. Chukua mfano wa majeruhi anayetumia kiti cha magurudumu na anaishi Chamazi, mwisho kabisa wa Temeke. Kliniki yake ni Lugalo, saa mbili asubuhi. Kutoka nyumbani hadi barabara ya lami ni mchanga, na wakati wa masika ni maji. Bajaji itampeleka mpaka Mbagala Rangi Tatu. Kutoka pale ni daladala, na konda akikitazama kile kiti anaona kimekula nafasi ya abiria wawili. Atavuka jiji zima, abadilishe gari, arudi jioni. Akipangiwa mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, mwezi wa pili ataacha. Wataalamu wataandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakurudi.

Ndiyo maana nasema kliniki ya karibu yenye mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo ina thamani kuliko jengo jipya la ghorofa lililo mbali. Hospitali za rufaa za mikoa, ikiwemo ya Temeke, zinaweza kubeba kazi ya mazoezi na ukaguzi wa kigutu, na zile kubwa zibaki na upasuaji na utengenezaji wa miguu. Wizara ya Afya ina neno zuri kwa kazi hii yote ya kumrudisha mtu kwenye uwezo wake: utengamao. Neno tunalo. Kinachotakiwa ni kulishusha hadi wilayani.

Karatasi na fidia

Kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa utaratibu unaeleweka. Tangu 1 Julai 1997 fidia ya kifo au ulemavu wa kudumu ni sawa kwa wanajeshi wa nchi zote, awe Mtanzania, Mhindi au Mfaransa. Kiwango cha juu kilianza na dola 50,000 na baadaye kikaongezwa. Aliyepata ulemavu hulipwa kwa asilimia: madaktari hupima ni kiasi gani cha uwezo kimepotea kabisa, na malipo hufuata kipimo hicho. Madai hupelekwa na serikali kupitia ofisi ya ubalozi wetu New York, na fedha hulipwa serikalini ili zimfikie mhusika. Askari hadai mwenyewe. Kwa hiyo faili lake la matibabu, tangu siku ya kujeruhiwa, ndiyo mali yake kuu.

Aliyejeruhiwa chini ya SADC hayumo katika utaratibu huo, kwa kuwa SADC ina taratibu zake. Familia nyingi hazijui tofauti hii na hukaa zikingoja fedha za Umoja wa Mataifa ambazo haziwahusu.

Lakini fidia hulipwa mara moja, na mguu bandia hununuliwa mara 10. Fedha ikishajenga nyumba na kulipa ada, miaka minane baadaye soketi inapasuka na mfuko hauna kitu. Wenzetu wa Uganda wana kituo cha jeshi kule Mubende kinachowapokea askari walemavu, kuwahudumia na kuwafundisha ufundi. Kenya ilipitisha sheria yake ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022. Sisemi vituo hivyo havina kasoro. Kituo cha kuwakusanya walemavu sehemu moja kinaweza kugeuka mahali pa kuwasahau. Ila angalau kipo kitu cha kushika, mtu anaweza kusema: hawa ndio wanaonihusu.

Sisi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayotambua haki ya huduma za afya na utengamao kwa kila mwenye ulemavu, askari au raia. Tunayo pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023. Swali ambalo wabunge wangetusaidia kuliuliza ni moja na ni dogo: mguu bandia wa pili, wa tatu na wa nne, pamoja na ukarabati wake, umo ndani ya kitita cha bima? Jibu la swali hilo litamgusa mzee wa Kagera, kijana wa Semuliki na aliyekuwa mtoto Mbagala mwaka 2009, wote kwa pamoja.

Wakati jibu linasubiriwa, usipande basi kwenda Dar es Salaam kabla hujafika hospitali ya wilaya au ya mkoa wako na kupewa rufaa ya maandishi, maana bila hiyo unaweza kurudishwa getini. Beba cheti cha kuondoka jeshini au barua yoyote yenye namba ya jeshi na kikosi. Kama wewe ulikuwa mgambo na huna kitu, anza kwa mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya mshauri wa mgambo wilayani, ukiwa na majina ya wenzako wawili walio hai mliokuwa nao. Picha za karatasi zote zipige kwa simu na umtumie mtoto au mjukuu, kwa sababu mchwa hawajui kusoma. Na unapokwenda karakana, vaa au beba mguu ule wa zamani hata kama umevunjika vipande, fundi aone ulikuwa unakuumiza wapi.